Nimechora lile kanisa dogo la Wareno, Malindi

Jumamosi nimeshinda Shela, hii yetu ya Malindi si ile ya Lamu, nimekaa kwenye kigoda na rangi zangu za maji nachora lile kanisa dogo la Wareno. Kila siku tunalipita tu lakini mpaka uketi ulitazame ndo unaona lilivyo dogo, kijumba cha chumba kimoja, kuta nyeupe, paa la makuti na makaburi hapo nje. Ndipo panapohusishwa na Francis Xavier, yule mmisionari Mkatoliki aliyepita Malindi 1542 akielekea India akamzika mtu aliyekufa safarini, miaka 44 baada ya Vasco da Gama kutia nanga hapa.

Kilichonitoa jasho ni ukuta. Utasema ukuta mweupe si unaacha tu karatasi, wapi! Chokaa haina weupe mmoja. Upande wa jua kweli nimeacha karatasi tupu, lakini chini ya upenu kivuli ni samawati, kama maji ya nili anayosuuzia mama kanzu, na kule chini mvua inakorusha mchanga ukuta una rangi ya chai ya maziwa.

Chokaa naipenda na sisemi kwa kusikia. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, tukaipiga rangi ya plastiki ati chokaa ni ya kizamani, hazikupita masika mbili ukuta ukaota malengelenge, ukigusa kwa kidole rangi inabambuka kama ngozi na plasta inamwagika unga. Jiwe lile linanyonya maji, chokaa inaliacha lipumue, plastiki inaliziba. Na chokaa yenyewe ni matumbawe hayo hayo yamechomwa tanuuni yakazimwa kwa maji, yaani jiwe linapakwa jiwe mwenziwe.

Nimeona watu wanavyochora makanisa ya Barbados kule Karibi, nayo mengi ni ya jiwe la matumbawe, nikasema na hili letu mbona halichorwi, wageni wanapiga picha mbili haoo wanakwenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama.

Makuti yalinitesa. Nilichora kuti moja moja yakawa kama nywele, nikafuta kwa sponji, nikapitisha brashi kavu mara tatu tu, hudhurungi na kijivu kidogo, yakakaa. Makaburi sikuwahi, ikafika saa sita vivuli vyote vikaisha. Jumamosi ijayo nakwenda saa kumi na mbili na nusu alfajiri, nayaanza hayo kwanza.