Mtaro mmoja tu, udongo wa bondeni umeharibika

Mabonde ya Dar es Salaam, kuanzia Msimbazi hadi Kizinga, huharibika kwa namna inayofanana: mtu anachimba mtaro ili shamba likauke apande mchicha na matembele. Takataka na kifusi tunavipigia kelele kwa sababu vinaonekana. Mtaro hausemwi.

Udongo uliojaa maji hauna hewa, kwa hiyo majani na mizizi iliyokufa huoza polepole na mboji hujilimbikiza. Maji yakiondolewa, hewa inaingia, vijidudu vinaila mboji hiyo haraka na ardhi inatitia. Mwaka wa kwanza mboga hustawi ajabu, maana mboji inayooza inaachia nitrojeni. Mkulima anadhani amepata shamba zuri, kumbe anakula akiba.

Ukitaka kujua hali ilivyo, chimba shimo la sentimita 60. Udongo wa kijivu au wa buluu-kijivu wenye madoa ya kutu ni wa ardhi oevu, hata kama leo juu ni pakavu. Kisha pima ulivyoshikamana. Chukua kopo lililokatwa pande zote mbili, mfano la sentimita za ujazo 400. Weka kipande cha ubao juu yake, ligonge taratibu hadi lizame, lichimbue, usawazishe kwa kisu. Udongo wa ndani ukiwa chini kuliko wa nje, umeushindilia mwenyewe, rudia. Kausha kwenye oveni kwa nyuzi 105, saa 24, upime. Gramu 380 za udongo mkavu, bila kopo, ni gramu 0.95 kwa kila sentimita ya ujazo: bado kuna nafasi ya hewa na maji. Gramu 580 ni 1.45, na kwenye mfinyanzi mizizi hapo inahangaika.

Kwenye mikoko hatari ni nyingine kabisa. Tope lake lina madini ya chuma na salfa ambayo yakipata hewa hutoa tindikali ya salfa. Pima pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali imezidi) ya tope bichi, liache likiwa na unyevu kwa wiki kadhaa, upime tena. Ikishuka chini ya 4, usikaushe eneo hilo. Tindikali pia hulegeza metali nzito, kama kadmiamu, zilizoshikwa na mfinyanzi, nazo huingia kwenye mboga. Kuosha mchicha hutoa vumbi la juu ya jani, si kilichokwisha kuingia ndani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazohatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kwa mashamba yaliyopo tayari nje ya mpaka huo, ziba mitaro kwa viroba vya mchanga, maji yabaki sentimita 20 hadi 30 chini ya uso hata kiangazi, kisha panda juu ya matuta. Usichome mabaki ya mazao, yarudishe shambani.