Oksimita inapogota 85 kwenye kidole baridi

Mgonjwa yuko kwenye shoku (damu haifiki vya kutosha mwilini), vidole baridi, dripu ya noradrenalini, dawa ya kubana mishipa, inakwenda. Hapo namba ya oksimita, klipu ya kidoleni inayopima oksijeni ya damu, siiamini mpaka nione wimbi la mapigo kwenye skrini. Oksijeni yake siipunguzi wala siitoi wakati nakagua; kwanza natazama anavyopumua na rangi ya ulimi.

Oksimita hupitisha mwanga mwekundu wa nanomita 660 na infraredi ya 940, kisha husoma sehemu ndogo tu inayopanda na kushuka kwa kila pigo. Mishipa ikisinyaa, sehemu hiyo hufifia, na mtikisiko wa mkono ndio unaobaki. Mtikisiko huathiri miale yote miwili kwa kiasi kimoja, uwiano wake unakaribia 1, na mashine hutafsiri 1 kuwa kama asilimia 85. Ndiyo maana 85 iliyoganda juu ya wimbi bapa naishuku.

Nalinganisha mapigo ya oksimita na ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Yakipishana, namba naiacha. Klipu haikai mkono wenye kafu ya presha. Rangi ya kucha naifuta, na kama ni piko, ambayo haifutiki, nahamia mahali pengine. Mkono naufunika blanketi, si chupa ya maji moto, kwani ngozi isiyopata damu huungua upesi. Klipu kamwe siikazi kwa plasta: vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) huanza kudunda, namba hushuka, na kidole hupata kidonda. Hata ikiwa imekaa vizuri, naihamisha kila baada ya saa 2.

Kidole kikishindikana, naenda kwenye ndewe ya sikio kwa sensa ya sikio (ya kidole haikupimwa kwa unene ule), au paji la uso, juu kidogo ya nyusi. Ateri ya hapo hutoka kwenye karotidi ya ndani, mshipa mkubwa wa shingoni, na haisinyai upesi, hivyo mabadiliko huonekana mapema kuliko kidoleni. Sensa ya paji inahitaji mkanda wake, hasa mgonjwa akilala chali, la sivyo damu ya vena huishusha namba.

Hata wimbi zuri lina mpaka wake, hasa kwetu wenye ngozi nyeusi. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulikuta kwamba oksimita iliposoma 92 hadi 96, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilikuwa chini ya 88 kwenye damu ya ateri. Kwa weupe ni 3.6. Kwa hiyo mgonjwa wa shoku naomba apimwe gesi za damu, yaani oksijeni kwenye damu ya ateri yenyewe, mapema. Sirinji yenye heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) naitoa viputo vyote vya hewa, sampuli inafika mashineni ndani ya dakika 30, na pembeni naandika oksimita ilisoma ngapi dakika ileile.