Usiku wazee walipocheza bao la simu yangu

Ramadhani ya 2019 nilikuwa na bao zima ndani ya simu na sikuwa na mtu wa kunichezea. Rika langu hawakulitaka. Kila niliyempa simu alilitazama dakika mbili, akagusa shimo moja, akaona kete zinatembea zenyewe, akanirudishia. "Yakhe, hii gemu ya wazee. Mpira huna?"

Mpira wanao. Gemu za mpira zinatengenezwa na kampuni zenye mamia ya watu, huko Japani na Canada. Mimi ni fundi simu Darajani, mjini Unguja, mchana nabadilisha vioo na betri katika duka la mtu, usiku ndio naandika programu zangu. Basi nikaona, kama hii ni gemu ya wazee, niwapelekee wenyewe.

Asikudanganye mtu kwamba nilizaliwa nalipenda bao. Mimi ni mtoto wa kibanda cha gemu. Nimekulia Michenzani, na karibu na jumba letu kulikuwa na chumba chenye televisheni tatu, viti vya plastiki na PlayStation zilizochoka. Unalipa kwa mechi, ukifungwa unanyanyuka. Tukicheza Winning Eleven, gemu ya mpira, na pedi ya kushoto kitufe chake cha mraba kilikuwa kinanasa. Anayeijua gemu ile anajua mraba ndio wa kupigia shuti. Kwa hiyo aliyepewa pedi ya kushoto alijifunza kufika golini kwa pasi, mpaka mpira uingie wenyewe. Mpaka leo naamini wachezaji bora wa mtaa wetu walitokana na pedi ile mbovu.

Disemba 2009 umeme ukakatika Unguja nzima. Kebo iliyopita chini ya bahari kutoka Bara ilikuwa ya tangu 1980, na ilipoharibika haikurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Maji nayo yakawa ya kutafuta kwa ndoo, maana pampu zinakwenda kwa umeme huohuo. Wapemba wakati ule walikuwa bado wana majenereta yao, hawajaungwa na Tanga, wakapata siku zao za kutucheka. Mwenye kibanda alijaribu jenereta, petroli ikamaliza faida yote, akafunga. Sisi watoto tuliokuwa tukishinda mle hatukuwa na pa kwenda usiku isipokuwa kule kwenye mwanga, na mwanga ulikuwa barazani, chini ya karabai ya wacheza bao. Hapo ndipo nilipolijua. Hakuna aliyenifundisha. Nilisimama nyuma ya migongo ya watu nikatazama.

Miaka ikapita, nikapata laptopu ya mkono wa pili, nikaanza kujaribu kutengeneza gemu. Injini kubwa, yaani programu za kutengenezea gemu, zinataka kupakua magigabaiti, na kwa bando la mtu kama mimi hiyo ni ndoto. Godot nikaipenda kwa sababu ilikuwa ndogo, megabaiti chache tu, ya bure, na laptopu yangu iliifungua bila ya kulia. Nilianza na gemu ya ngalawa, nikaiacha. Halafu nikaanza bao.

Ukilitazama kwa juu unaona bao ni hesabu tupu. Mashimo 32 katika safu nne, kete 64. Bao la Kiswahili kila mtu anaanza na kete kumi ubaoni, sita ndani ya nyumba, lile shimo lake la pekee, na mbilimbili katika mashimo mawili ya pembeni yake, na 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuingizwa ubaoni moja moja. Kula kete za mpinzani na kuzisambaza, kompyuta inaelewa upesi. Tabu iko kwenye nyumba, kwa sababu kete ya mwisho ikiangukia pale wakati wa kunamua, mchezaji ana hiari ya kuitoa nyumba yake au kuiacha. Barazani hiari hiyo ni mkono unaositasita kidogo juu ya shimo. Kwenye simu lazima nisimamishe kila kitu, niandike swali, niweke vitufe viwili, ndiyo na hapana. Nilikuwa nikikichukia kijisanduku kile, na hakuna njia ya kukikwepa.

Sauti niliirekodi. Alasiri moja wazee walipokwenda kusali niliinama juu ya bao la baraza ya Kikwajuni na simu yangu, nikaangusha komwe moja, zile mbegu tunazozifanya kete, katika kila shimo, moja baada ya moja, nikazikata zile sauti usiku na kuzitia katika gemu. Kila shimo na sauti yake.

Usiku wenyewe ulikuwa baada ya tarawehe. Mvua za masika zilikuwa zimepiga jioni, njia ina madimbwi, lakini baraza ile ina paa la mabati. Ami yangu alikuwepo, na mzee mmoja aliyestaafu bandarini, na Maalim. Maalim alisomesha hesabu skuli miaka mingi, na kwa bao alikuwa fundi ambaye watu walitoka Bububu kuja kucheza naye. Nikaamkia wote, nikangoja mchezo uliokuwa unachezwa umalizike, nikatoa simu.

"Maalim, nimetengeneza bao."

"Umechonga?"

"La, la kwenye simu."

Akavaa miwani, akaishika simu mbali na uso. Ami akaanza kunitetea kabla sijashambuliwa: "Huyu mwanangu ana akili za kompyuta." Maalim hakumjibu. Alinamua kete yake ya kwanza kwa kidole kikavu ambacho kioo kilikataa kukisikia, akagusa tena kwa nguvu, kete zikaanza kutembea na kulia. Akainua kichwa.

"Hili bao letu hili."

Nikanyamaza.

"Shimo la pili kutoka kichwani lina ufa, sauti yake nzito. Hii ndiyo." Akagusa tena kuhakikisha. "Umeliiba lini?"

Watu wakacheka, nikakiri wizi, tukaendelea. Kilichofuata ndicho kilichoniuma kweli. Nilikuwa nimepanga kila kete ianguke baada ya theluthi ya sekunde, ili mchezaji aone vizuri, na ule mwendo niliuonea fahari. Zamu ya kete arubaini ilichukua sekunde kumi na tatu. Maalim aliutazama mara moja tu.

"Mbona zinakwenda kama bi harusi?"

Zamu iliyofuata aligusa shimo lake, halafu akaweka kidole kwenye shimo jengine kabisa, ncha ya pili ya safu zake. "Inalala hapa." Akageuka kuzungumza na mzee wa bandarini habari za bei ya tende. Kete zikatembea, zikala mara mbili, zikazunguka nyuma, zikalala pale pale alipoonesha. Akarudi, akacheza, akaonesha tena, akageuka tena. Mimi niliyeandika programu ile sikuweza kuona zaidi ya kula moja mbele. Nikaiongeza kasi mpaka mwisho wa kile nilichokuwa nimeweka, na bado alikuwa akiisubiri.

"Kwani lazima nizione?" akaniuliza. Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua.

Alimaliza upesi. Mchezaji wangu wa kompyuta alikuwa anachagua penye kula kubwa ya kwanza, basi, hajui kinachofuata, na Maalim alilijua hilo baada ya zamu chache, akawa anamwekea chambo. Simu ikapewa mzee wa bandarini.

Hapo ndipo ikatokea zamu ile. Mchezo ulikuwa umeshafika mtaji, yaani kunamua kumekwisha na kete zote ziko ubaoni, na ilikuwa zamu ya simu. Ikala, ikasambaza, ikala tena, ikaendelea. Pembeni ya kioo nilikuwa nimeweka kihesabu kidogo cha kete zinazoanguka katika zamu moja, nilikiweka kwa ajili yangu wakati wa kujaribu. Kikafika mia. Kikafika mia tatu. Mzee wa bandarini akawa ameikalia simu kimya, anangoja haki yake.

"Imekwama," ami akasema, kwa huruma.

"Haijakwama, ami. Tazama, zinatembea."

Maalim akasogea. Akatazama kwa muda, halafu akaniambia niizime sauti. Akalivuta bao la mbao, akaniuliza kete zilikuwa wapi kabla ya zamu ile kuanza. Nikarudi nyuma hatua moja, hilo gemu iliweza, nikamsomea shimo moja moja naye akipanga komwe. Kisha akacheza zamu ile kwa mkono. Haraka, tak tak tak, mkono wake ukizunguka safu mbili za upande wake. Kula za mwanzo zikaja kama za simu. Halafu kula zikakoma, za mpinzani zikabaki zilivyo, na kete zake mwenyewe zikawa zinazunguka tu, kila ya mwisho ikiangukia penye kete nyengine, hapana shimo tupu la kulalia. Alizungusha, akazungusha, na mara akasimama mkono uko hewani.

"Hapa tulishapita."

Alikuwa ameushika mpangilio kichwani, mashimo kumi na sita na idadi ya kila moja, na ulikuwa umejirudia vilevile. Kwa hiyo utajirudia tena. Na tena.

Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa kompyuta, pamoja na Mholanzi Alexander de Voogt, mtafiti wa bao aliyekaa na mafundi wa bao wa Zanzibar miaka ya 1990, walikwisha kuonesha kuwa zamu isiyokwisha ipo katika bao. Usiku ule sikuwa na habari. Nilichokuwa nacho ni simu ya moto mkononi na watu wazima sita wanaogombana.

Maana kanuni ya jambo lile kila mmoja alikuwa na yake. Maalim alisema mwendo kama huo ni haramu, kete zinarejeshwa na mtu anacheza shimo jengine. Ami alisema mchezo unavunjwa, hakuna aliyeshinda, wanapanga upya. Mzee wa bandarini, ambaye kwa hakika alikuwa anaelekea kushindwa, alikuja na hukumu yake: aliyeshindwa kumaliza zamu yake kashindwa mchezo. Akaitetea kwa sauti kubwa na kwa kiapo, akataja mchezo alioushuhudia ujana wake Malindi, akataja majina ya marehemu. Huwezi kubishana na shahidi ambaye mashahidi wenzake wote wamekwisha kuzikwa.

Mimi nilikuwa na daftari, naandika. Ukiwa barazani unaweza kuishi na kanuni tatu; anayezungumza zaidi usiku ule ndiye mwenye sheria. Programu haikubali, inataka moja, tena iliyoandikwa. Nikamuuliza Maalim: mtu atajuaje kabla ya kucheza kwamba mwendo huu hautakwisha?

"Fundi anajua."

"Na asiye fundi?"

"Asiye fundi hafiki huko."

Hilo sikuweza kuliandika kwenye Godot. Nilichofanya wiki ile ni kuamuru gemu ikumbuke mpangilio wa ubao kila inaponyanyua kete za shimo, na ukijirudia ndani ya zamu moja, kete zinarudishwa na mchezaji anachagua tena. Kanuni ya Maalim, ila kwa njia ya mvivu. Na ule mwendo wa kete nikautilia kitufe cha kuuondoa kabisa.

Lakini usiku wenyewe kura ilikwenda kwa mzee wa bandarini, si kwa ushahidi wake bali kwa sababu ya kahawa. Barazani anayeshindwa ndiye anayelipa, na simu kwa hukumu ile ilikuwa imeshindwa mara mbili. Simu haina mfuko, mwenye simu anao. Hata ami, mtetezi wangu, akanyanyua mkono. Muuza kahawa akahesabu vikombe, pamoja na vya watu waliosimama njiani tu kutazama ugomvi, nikalipa vyote. Maalim akaagiza na kashata za watu wote, kwa hesabu yangu.

"Hizi," akaniambia, "za kurekodi bao la watu bila ya ruhusa."