Kwenye CV yangu niliifuta Tanga, mama wa maktaba akairudisha

Miaka tisa nimebeba boksi hapa Northampton, usiku kwa usiku, magoti yanalia kama bawaba za mlango wa zamani wa Ngamiani. Nina 48. Siku hiyo nikaenda maktaba kuprinti CV maana nimechoka, natafuta kazi ya kukaa kitini, mama mmoja wa kizungu anayefanya pale akaipitia, akaniuliza, hii inaanza 2016, kabla ya hapo ulikuwa umelala?

Jamani, kabla ya hapo nilikuwa wakala wa forodha bandari ya Tanga miaka 14! Niliifuta kwa mkono wangu kwa sababu nilipofika Wabongo wenzangu waliniambia kazi ya Afrika huku hawaihesabu. Yule mama akasema rudisha yote, akakaa na mimi saa nzima, bure, na hanijui.

Kumbe tangu Uingereza ijitoe Ulaya, kuanzia Januari 2021 hata mzigo wa Ufaransa unataka makaratasi ya forodha, na lazima awepo mtu wa kuyajaza. Namba za HS, zile za kutambulisha aina ya mzigo forodhani, ni zilezile tunazozijua, tarakimu sita za mwanzo karibu dunia nzima ni moja, wao kwa mzigo unaoingia wanaongeza mpaka 10. Mfumo wa kompyuta wa forodha tu ndio tofauti, sisi TANCIS wao CDS. Nikaitwa intavyuu ya kazi hiyo ya kujaza makaratasi, nikapata.

Sikufichi, mshahara wa kuanzia ni mdogo kuliko shifti za usiku. Na bosi ana miaka 26, rika la kifungua mimba wangu, siku ya kwanza nimekaa nasubiri shikamoo kama mjinga, ananiita meti, yaani mshikaji.

Sasa shemeji wa Makorora, unayenitumia voisi usiku wa manane kwamba unaacha kazi na miaka yako 45 uje kulea wazee huku: viza ya kazi hiyo wameifunga kwa waombaji wapya wa nje tangu Julai 2025, anayekudai hela ya kukuunganishia anakula tu. Na kabla hujaandika barua ya kuacha kazi nenda NSSF ukahesabu miezi. Pensheni inataka 180. Mimi niliondoka na 168, mwaka mmoja tu shemeji! Huku nako pensheni kamili ni miaka 35 ya kuchangia, nimeanza nikiwa na umri wa miaka 39, piga hesabu mwenyewe. Tanga waja leo waondoka leo, basi mimi nikaondoka mbio utadhani ndege ni ya mwisho. Hilo bado linaniuma kuliko magoti.

Wiki jana kimeingia kontena cha kamba za mkonge, bosi kaandika namba ya HS 5305. Nikamwambia hiyo ni ya singa, nyuzi ambazo hazijasokotwa, kamba ikishasokotwa ni 5607. Akaangalia, akaniuliza umejuaje. Nikasema mimi wa Tanga. Hajui ni wapi, ikabidi nimfungulie ramani.