Mjomba kwenye kiti cha hakimu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Mathayo 20:20-28: mama wa wana wa Zebedayo anawaombea wanawe viti, mmoja kuume na mmoja kushoto. Wahubiri wengi humsema vibaya. Mimi namwonea huruma, maana ni mzazi gani hajaomba hivyo? Linalonitisha ni jibu la Yesu: "Hamjui mnaloliomba."

Tarehe 15 Mei 1536, ndani ya Mnara wa London, Malkia Anne Boleyn, mke wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, alishtakiwa kwa uzinzi na uhaini, hata kwa kulala na kaka yake wa damu, George. Wanahistoria wengi leo wanaona kesi ile ilikuwa ya kutungwa. Aliyeiongoza ni Thomas Howard, Duke wa Norfolk, kaka wa mama yake Anne. Mjomba mtu! Ndiye aliyemtamkia hukumu: achomwe moto au akatwe kichwa, vyovyote mfalme apendavyo. Inasimuliwa kwamba machozi yalimtoka. Alilia, na hukumu akaitoa. Siku hiyohiyo akamgeukia George.

Kumbukeni ukoo huu ulivyokula wakati Henry VIII anamtaka Anne. Mwaka 1529 baba yake alipandishwa kuwa Earl wa Wiltshire, na George alikuwa akitumwa Ufaransa kama balozi. Meza ilipopinduka, kila mtu alishika lake.

Ungedhani wangekoma. Mwaka 1540 binti mwingine wa ukoo, Catherine Howard, aliolewa na mfalme yuleyule. Norfolk alikuwa baba yake mkubwa. Mambo yalipoharibika, alimwandikia mfalme akiwaruka ndugu zake na kuomba asinyimwe fadhili. Februari 1542 Catherine alikatwa kichwa, msichana mdogo kabisa. Kisha zamu ikafika nyumbani kwa mzee mwenyewe: mwanawe, Earl wa Surrey, aliuawa tarehe 19 Januari 1547, na yeye aliponea chupuchupu kwa sababu mfalme alifariki tarehe 28 mwezi huohuo.

Mama wa wana wa Zebedayo alikuwepo Golgotha, akitazama kwa mbali (Mathayo 27:56). Kuume na kushoto kwa Yesu siku ile walitundikwa wanyang'anyi wawili.

Nasema haya kwa sababu ya maombi yetu. Tunamwekea binti mikono apate kazi kubwa, aolewe na mtu mzito, "awafungulie ndugu milango." Yeye kapiga magoti katikati yetu, na hakuna aliyemuuliza anataka aombewe nini.

Kulikuwa na Boleyn mwingine, Mary, dada yake Anne. Si malaika, aliwahi kuwa kimada wa mfalme huyohuyo. Lakini mwaka 1534, akiwa mjane, aliolewa kwa siri na William Stafford, askari asiye na mali. Akafukuzwa ikulu, na kwao wakamsusa. Dhiki ilipombana alimwandikia Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, amwombee msamaha. Katika barua hiyo alisema ni heri kuomba mkate pamoja na mume wake kuliko kuwa malkia mkuu kuliko wote. Alipoandika hayo, malkia wa Uingereza alikuwa dada yake.