Siasa ya Nchi Husomwa Kwanza Kwenye Kabrasha la Halmashauri

Kila likizo ndefu ya vyuo inapokaribia, vijana wa hapa Kigoma huniuliza jambo lile lile: ni wapi watapata nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika chombo cha habari kinachoandika siasa, au katika shirika linalofanya uchechemuzi wa sera, yaani kuwashawishi wenye mamlaka wabadili au waboreshe sera. Wengi wao huuliza huku wakiwa wamekwisha kuamua kwamba jibu ni Dar es Salaam au Dodoma. Siwalaumu, kwa kuwa huko ndiko kuliko na vyumba vikubwa vya habari, Bunge, wizara na makao makuu ya mashirika. Lakini mimi niliyeanzia redioni na baadaye kuhamia kwenye kazi ya sera ninaamini kwamba anayetaka kuielewa siasa ya nchi hii anapaswa kuanzia kwenye ukumbi wa halmashauri ya kwao, kwa sababu hapo fedha, uamuzi na mwananchi vinakutana mahali pamoja, na mwanafunzi anaweza kuvifuatilia vyote vitatu kwa miguu yake mwenyewe.

Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka, na mikutano yake ya kawaida ni ya wazi kwa wananchi. Pamoja na hayo, mara nyingi viti vya wageni hubaki vitupu, na mwandishi akija hukaa hadi Mstahiki Meya amalize hotuba ya ufunguzi, akachukua sauti mbili tatu nje ya ukumbi, kisha akaondoka. Habari inayosikika jioni huwa ni ya diwani aliyefoka. Kilichobaki mezani ni kabrasha, yaani taarifa ya utekelezaji yenye jedwali la miradi, na humo ndimo ilimo kazi yenyewe. Kijana alichukue kabrasha la robo ya pili aliweke kando ya lile la robo ya tatu, kisha ausome mstari mmoja tu, tuseme wa boma la zahanati lililoinuliwa kwa nguvu za wananchi. Safu ya kwanza inaonyesha fedha zilizoidhinishwa, ya pili zilizopokelewa, ya tatu zilizotumika, na ya mwisho ina maneno machache kama "ipo hatua ya upauaji", yaani ya kuweka paa. Ikiwa robo iliyofuata fedha zilizotumika zimeongezeka lakini maneno bado ni yale yale ya upauaji, hapo pana swali la kumuuliza mtendaji wa kata, fundi, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi na mama anayembeba mtoto kwenda kituo cha mbali. Inawezekana jibu likawa halali kabisa, kwa mfano kwamba mabati yamenunuliwa na yako stoo yakisubiri mbao. Mwandishi wa siasa ni yule anayekwenda kuyaona hayo mabati.

Kigoma ina sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 za mwanzo duniani kuingia katika Ushirikiano wa Kimataifa wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi, OGP. Mwaka uliofuata Tanzania ilijiondoa katika mpango huo. Ninawaeleza vijana habari hii kwa sababu mji ambao wengi huujua kwa dagaa na mawese uliwahi kukaa meza moja na majiji makubwa katika mjadala wa namna ya kuwafungulia wananchi taarifa za serikali yao, na wengi waliozaliwa hapa hawajawahi kuisikia.

Kuhusu tofauti ya kazi ya mwandishi na ya mchechemuzi, mfano mzuri ninaoufahamu ni wa ziwa letu. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa upande wa Tanzania zilisimamishwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na uamuzi huo ulitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Mwandishi anayefika mwalo wa Kibirizi, mahali wavuvi wanapotia nanga, wakati kama ule anapaswa kujua kwamba jambo lililomfanya mvuvi apandishe chombo chake mchangani lina mizizi katika mkataba wa ziwa uliosainiwa mwaka 2003, na kwamba Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, inayosimamia mkataba huo, ina makao yake Bujumbura. Anamsikiliza mvuvi, mwanamke anayeanika dagaa, ofisa uvuvi na mtaalamu wa utafiti, kisha anaandika walichosema na alichokiona bila kuamua nani ashinde. Mchechemuzi naye anaanzia kwa watu wale wale, lakini yeye analazimika kufika mahali pa kusema: tunapendekeza hivi, kwa sababu hizi, kwa gharama hii, na mwenye mamlaka ya kuamua ni fulani. Kwa mfano, anaweza kupendekeza kwamba mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambayo hutengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ifike kwa vikundi vya mialoni kabla ya ziwa kufungwa, maana mkopo ukifika baada ya ziwa kufunguliwa haumsaidii aliyekwisha kuuza nyavu zake.

Kazi zote mbili ni za heshima, lakini haziwezi kufanywa na mtu mmoja kwa wakati mmoja kuhusu suala moja. Nimewaona vijana wanaoandikia redio asubuhi, kisha mchana wakaandika hotuba za mgombea. Jambo hilo linamnyang'anya msikilizaji haki yake ya kujua anayezungumza naye ni nani, na kijana mwenyewe linamharibia jina kabla hajalijenga.

Hapa ndipo linapoingia suala la bahasha, yaani fedha ambazo waandishi hupewa na waandaaji wa matukio, na ninaomba nilizungumze bila kulizunguka, kwa kuwa sekta zote mbili zinahusika. Shirika linaandaa warsha, linawaalika waandishi, na mwisho wa siku kila mwandishi anatia saini karatasi ya nauli. Kwa mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa kila habari inayotumika, na malipo yenyewe yakichelewa, nauli hiyo inaweza kuwa ndiyo fedha pekee aliyoishika wiki hiyo. Siwezi kumhukumu mtu mwenye familia kwa jambo hilo. Ninachokipinga ni mfumo unaomfanya mwenye warsha kuwa mwajiri halisi wa mwandishi, kwa sababu siku shirika hilo litakapokosea hakutakuwa na wa kuliandika. Shirika linalotaka jambo lake lifahamike liwape waandishi takwimu, liwafungulie milango ya watu wanaohusika na liwaachie wahoji wanavyotaka, na chumba cha habari kibebe gharama ya kumfikisha mtu wake kwenye tukio.

Vivyo hivyo kwa wanaojitolea. Mwanafunzi anayetoka Uvinza au Kakonko kuja mjini kwa mafunzo kwa vitendo analipia chumba, chakula na usafiri, na baadhi ya ofisi humpa kazi za mtu aliyeajiriwa bila hata fedha ya daladala. Matokeo yake ni kwamba wanaodumu katika fani hii ni wale ambao wazazi wao wanaweza kuwalisha, na sauti za vijiji vya mbali zinazidi kupungua kwenye meza ya mhariri. Ofisi isiyoweza kulipa mshahara inaweza walau kulipa nauli na chakula cha mchana, na kumwandikia kijana barua inayotaja kazi alizozifanya kwa majina yake. Mabinti wana haki ya kuuliza tangu siku ya kwanza ni nani wa kumwendea iwapo mkubwa yeyote wa kazi, au chanzo cha habari, atawataka kwa njia isiyo ya kazi. Ofisi isiyo na jibu la swali hilo haifai kupelekewa mtoto wa mtu.

Wanaoandikia mikoani hubeba pia hatari ambayo haipaswi kufichwa. Daudi Mwangosi, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa Septemba 2, 2012 akiwa kazini katika kijiji cha Nyololo, mahali ambapo polisi walikuwa wakizuia shughuli ya chama cha siasa. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeandika kuhusu mauaji ya wilayani Kibiti, mkoani Pwani, alitoweka Novemba 2017. Kijana asiende peke yake kwenye mkutano wenye dalili za vurugu, na mhariri ajue wakati wote yuko wapi.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo, na kanuni zake za mwaka 2017 zilitaja stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, nayo ya mwaka 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Ninawashauri wanafunzi waitumie sheria hii ya pili wakiwa bado chuoni, kwa ombi dogo na mahususi, wakitunza nakala yenye mhuri wa mapokezi. Vilevile wajizoeze kusoma ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo huwasilishwa bungeni kila Aprili, pamoja na Hansard (kumbukumbu rasmi za majadiliano ya Bunge), ambayo Bunge huiweka kwenye tovuti yake kwa Kiswahili. Sakata la Escrow la mwaka 2014, lililohusu fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu, lilifika bungeni kwa njia ya karatasi za namna hiyo: ukaguzi maalumu, kisha taarifa ya Kamati ya Hesabu za Serikali iliyokuwa ikiongozwa na Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini wakati huo, kisha maazimio ya Bunge, na kabla mwaka haujaisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikuwa amejiuzulu.

Barua ya kuomba nafasi iwe fupi, na iambatanishwe na kazi moja iliyokamilika kuhusu kata ya mwombaji: habari ya maneno mia tano, au waraka wa kurasa mbili wenye pendekezo. Barua zinazosema mwombaji "ana shauku kubwa na siasa" ni nyingi, na hazimsaidii mhariri kujua kama mtu huyo anaweza kuuliza swali la pili. Kuhusu wakati wa kuanza, mafunzo ya wanafunzi huangukia Julai hadi Septemba, wakati bajeti mpya ndiyo kwanza imeanza kutumika na mabishano ya kuipanga yamekwisha. Mhitimu anayeweza kuchagua aanze Novemba. Atakuta halmashauri ikikusanya vipaumbele vya kata, atakuwapo baraza litakapoijadili rasimu ya bajeti mwanzoni mwa mwaka, atafuatilia mjadala wa Bunge kuanzia Aprili, na ikifika Juni 30 atakuwa ameona ni maombi gani ya kata yake yalisafiri hadi mwisho, na ni yapi yaliishia njiani.