Kebo ya mita 5 iliyoninyima usingizi Chumbageni

Muuzaji wa vifaa vya mtandao wa Kariakoo aliniambia hivi kwenye simu: "Bosi, lazimisha spidi 25 pande zote mbili, usiiachie swichi iamue." Swichi ni kile kisanduku kinachounganisha mashine kwenye mtandao, na 25 ni gigabiti kwa sekunde. Nikamsikiliza. Maneno hayo yamenila usiku tatu, na bado yananiuma.

Ofisi yetu iko Chumbageni, Tanga. Nakala za akiba za usiku zilikuwa zinapita kwenye gigabiti 1 kutoka seva hadi hifadhi, yaani mashine ya kutunzia data, adhana ya alfajiri inalia bado hazijaisha. Nikaagiza kadi mbili za mtandao za ConnectX-4 Lx zilizokwisha tumika, na DAC mbili, zile kebo za shaba zenye kichwa cha SFP28 (plagi ya gigabiti 25) kila upande. Pamoja na kutumiwa kwa basi, laki sita na ushee.

Seva iko chini ya swichi, kebo ya mita 1 ikatosha na taa ikawaka papo hapo. Hifadhi iko kabati la pili, karibu na kiyoyozi, ikahitaji mita 5. Hapo taa inawaka, inazimika, inawaka tena.

Usiku wa kwanza nililaumu chumvi. Hewa ya bahari hapa Tanga hula shaba, kwa hiyo nikasafisha vichwa kwa spiriti. Wapi! Usiku wa pili nikafunga kebo mpya iliyoshuka na basi la jioni, ikapepesa vilevile. Wa tatu nilikuwa nimeshaandika ujumbe wa kurudisha kadi, nikajizuia: nikachukua ile mita 5 nikaifunga kwenye seva iliyokuwa nzima. Nayo ikaanza kupepesa! Niliruka. Kadi haina kosa, kebo mbili haziwezi kufa pamoja, kimebaki urefu.

Kwa gigabiti 25, shaba nzuri ya mita 3 inaweza kwenda bila msaada. Mita 5 inataka RS-FEC, yaani hesabu inayosahihisha biti zilizoharibika njiani. Kadi na swichi zikiachwa zijadiliane, zinakubaliana zenyewe kuiwasha. Mimi kwa kulazimisha spidi nilikuwa nimezima mazungumzo hayo, na FEC ikabaki imezimwa. Nikarudisha majadiliano pande zote, amri ya ethtool --show-fec ikaonyesha RS, taa ikatulia tuli.

Ukivuka mita 5 usibishane na shaba, nenda nyuzi za mwanga: nyuzi za aina ya OM4 na moduli za SR (vichwa vinavyotuma mwanga) zinafika mita 100. Na DAC ya SFP+ (plagi ya gigabiti 10) inaingia tundu la SFP28 bila shida, ila utapata 10 tu, kwa hiyo soma lebo kabla hujalipa. Muulize muuzaji pia kebo imeandikiwa swichi ya kampuni gani, maana zipo swichi zinazokataa za wengine.

Kipimo cha spidi cha iperf3 kikatoa 13 badala ya 25. Hili halikunisumbua: tundu la kadi ndani ya hifadhi lilikuwa refu kwa macho, ndani lina njia 4 tu za PCIe 2.0 (njia za data kati ya kadi na mashine), na hizo mwisho wake ni gigabiti 16. Amri ya lspci -vv inakuonyesha kwenye mstari wa LnkSta. Nikahamisha kadi tundu la pili, 23 na pointi.

Mzee wetu wa ofisi alipoingia asubuhi nikamwonyesha muda nakala zilipoisha: saa saba kasorobo usiku. Sasa zinazochelewesha ni diski.